Kujaza Ritani ya KRA na Kudai Nafuu Zako: Mwongozo Kamili kwa Anayelipwa Mshahara

Kila Juni saiba (maduka ya intaneti) zilizo karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru hujaa watu walio na P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka, ikiwa imekunjwa mfukoni. Wanajaziwa ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), kwa dakika kumi, wanapewa karatasi ya kuthibitisha, wanaenda zao. Baadaye wakifungua iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, simu zinaanza: "Mbona iTax inasema nadaiwa elfu kumi na mbili na ushee, na mwajiri alinikata ushuru kila mwezi?"

Nimeangalia ritani nyingi za aina hiyo, na kosa karibu kila mara ni lilelile. Aliyejaza hakutofautisha kinachotolewa kwenye mshahara kabla haujapigwa ushuru na kinachotolewa kwenye ushuru wenyewe baada ya hesabu. Ni kama ugali: unaweza kupunguza unga kabla ya kusonga, au kumega kipande ukishaiva. Sahani inapungua kwa njia zote mbili, lakini hazipungui sawa.

Hesabu zote hapa ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake inafungwa tarehe 30 Juni 2026. Mwongozo ni wa mkazi wa Kenya aliyeajiriwa.

## Andaa hivi kwanza

- PIN yako ya KRA (nambari ya mlipa ushuru) na nenosiri la iTax.
- Fomu ya P9 ya mwaka 2025 kutoka kwa kila mwajiri uliyemfanyia kazi mwaka huo. Ukiwa na waajiri wawili, unahitaji P9 mbili.
- Payslipu ya Januari 2025 na nyingine yoyote ya baada ya hapo. Utaona sababu kwenye hatua ya tatu.
- Cheti cha malipo ya bima cha mwaka huo kutoka kwa kampuni ya bima, ikiwa unalipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu. Kiwe na PIN ya kampuni, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na jumla uliyolipa.
- Cheti cha riba kutoka benki, ikiwa una mkopo wa nyumba unayoishi.
- Cheti cha msamaha wa ushuru, ikiwa unaishi na ulemavu na ulishapewa na KRA.
- Nambari ya akaunti yako ya benki, jina la benki na tawi.
- Kompyuta yenye Excel. Simu haitakufaa kwa fomu ndefu, na fomu ndefu ndiyo tutakayotumia.
- Karatasi na kikokotoo.

P9 ni haki yako. Mwajiri akikuzungusha, mwandikie barua pepe badala ya kumpigia simu, ili ubaki na ushahidi. Wenye kazi za serikali huipata mtandaoni kwenye mfumo wao wa mishahara.

## Hatua ya 1: Hakikisha akaunti ya iTax ni yako kweli

Ingia iTax, fungua maelezo yako na utazame barua pepe na nambari ya simu. Watu wengi wa huku walifunguliwa PIN saiba wakiwa wametoka tu shule, na barua pepe iliyowekwa ni ya kijana wa saiba. Ukisahau nenosiri, jipya linatumwa kwake. Barua za KRA za kukudai zinaenda kwake pia.

Ukikuta barua pepe usiyoijua, beba kitambulisho uende ofisi ya KRA au kwenye dawati lao ndani ya Huduma Centre. Zipo Nakuru, Kisumu na Kakamega. Nenda mapema, maana juma la mwisho la Juni foleni hufika nje ya mlango na mfumo wenyewe hupunguza mwendo.

Tahadhari: usimwachie mtu wa saiba nenosiri lako "ili mwaka ujao iwe rahisi". Mwenye PIN na nenosiri anaweza kubadilisha akaunti ya benki ya kupokelea marejesho.

Utajua umefaulu ukibonyeza kubadilisha nenosiri na ujumbe ukaingia kwenye simu au barua pepe unayoishika mwenyewe.

## Hatua ya 2: Ondoa wazo la ritani ya sufuri

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaziwa ritani ya sufuri, ile tunayoiita "nil". Nilimshukuru kijana, nikampa shilingi mia mbili, nikatembea kifua mbele. Ilikuwa makosa matupu. Ritani ya sufuri ni ya mwenye PIN ambaye hakupata mapato yoyote mwaka mzima: mwanafunzi, aliyekosa kazi, mama anayelea nyumbani.

Hata kama mshahara wako ni mdogo kiasi kwamba ushuru unafika sifuri, kama ilivyo kwa vibarua wengi wa mashamba ya maua Naivasha, bado ulipata mapato. Jaza ritani yenye mapato, uache hesabu yenyewe ionyeshe sifuri. Mwajiri wako hupeleka jina lako KRA kila mwezi, kwa hiyo ukisema hukupata kitu, kompyuta yao ina jibu tofauti.

Kutojaza kabisa kuna faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa, kwa kila mwaka ulioruka.

## Hatua ya 3: Piga hesabu yako kwa mkono

Usiruke hatua hii. Anayejua jibu kabla ya kufungua fomu hawezi kutishwa na fomu.

Ushuru wa mapato ya mwezi unapigwa kwa ngazi:

- Shilingi 24,000 za kwanza: asilimia 10
- Shilingi 8,333 zinazofuata: asilimia 25
- Kuanzia hapo hadi 500,000: asilimia 30
- Kutoka 500,000 hadi 800,000: asilimia 32.5
- Zaidi ya 800,000: asilimia 35

Kwa mwaka mzima, ngazi ya kwanza ni 288,000 na ya pili ni 100,000.

Wengi hudhani ukipandishwa ngazi mshahara wote unakatwa asilimia 30. Sivyo. Ni zile shilingi zilizoingia kwenye ngazi hiyo tu ndizo zinazokatwa kwa kiwango hicho. Nimewahi kumsikia mtu akikataa nyongeza ya mshahara kwa hofu hii. Nilisikitika sana.

Sasa tumchukue mwalimu wa mfano, wa shule ya kibinafsi Kisumu, anayelipwa 60,000 kwa mwezi bila marupurupu.

Kwanza, yanayotolewa kabla ya ushuru:

- NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6: 3,600
- Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: 1,650
- Ada ya nyumba (ile ya mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu, si kodi ya nyumba), asilimia 1.5: 900

Jumla ni 6,150. Mapato yanayotozwa ushuru ni 53,850.

Pili, ushuru wenyewe:

- 24,000 kwa asilimia 10: 2,400
- 8,333 kwa asilimia 25: 2,083.25
- 21,517 zilizobaki kwa asilimia 30: 6,455.10

Jumla ni 10,938.35.

Tatu, nafuu inayotolewa baada ya hesabu: nafuu ya kila mtu ya 2,400. Zinabaki 8,538.35. Hiyo ndiyo PAYE, ushuru ambao mwajiri hukata kila mwezi, inayopaswa kuonekana kwenye payslipu yake.

Kwa nini nilitaka payslipu ya Januari? Kwa sababu viwango vya NSSF vilipanda Februari 2025. Januari mwalimu wetu alikatwa 2,160 tu, ambazo ndizo zilikuwa za juu kabisa wakati huo. Kwa hiyo PAYE yake ya Januari ilikuwa 8,970.35. Ukizidisha NSSF ya Desemba kwa kumi na mbili utapata jumla isiyolingana na P9, uanze kumshuku mhasibu bure.

Hesabu yake ya mwaka ni hii:

- Mshahara: 720,000
- NSSF: 41,760
- SHIF: 19,800
- Ada ya nyumba: 10,800
- Mapato yanayotozwa ushuru: 647,640
- Ushuru kabla ya nafuu: 131,692
- Nafuu ya mwaka: 28,800
- Ushuru halisi: 102,892

Ukijumlisha PAYE ya miezi kumi na miwili unapata 102,892.20. Senti ishirini zinatokana na kugawanya ngazi ya pili kwa miezi. Zipuuze.

Sasa rudi kwenye ile simu ya "elfu kumi na mbili na ushee". Chukua NSSF ya mwaka, 41,760, uizidishe kwa asilimia 30. Unapata 12,528. Kijana wa saiba aliandika mshahara na PAYE, akaacha kisanduku cha pensheni wazi. Kwa macho ya iTax, mwalimu hakuweka akiba yoyote ya uzeeni, kwa hiyo mapato yake ni makubwa zaidi na ushuru uliokatwa haukutosha. Hakuna aliyemwibia, na deni lenyewe si la kweli. Ni kisanduku kimoja.

Utajua umefaulu jumla yako ya mwaka ikilingana na safu ya mwisho ya P9, tofauti ikiwa ya senti au shilingi chache. Ikizidi hapo, uliza ofisi ya mishahara kabla ya kujaza chochote.

## Hatua ya 4: Chagua nafuu zilizo zako

### Zinazopunguza mapato kabla ya ushuru

Pensheni. Unaruhusiwa kutoa kiasi kidogo zaidi kati ya vitatu: ulichochangia kweli, asilimia 30 ya mshahara unaotumika kuhesabu pensheni, au 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. NSSF na pensheni ya kazini huhesabiwa pamoja ndani ya kikomo hicho. Kwa mwalimu wetu, asilimia 30 ya 60,000 ni 18,000, na anatumia 3,600 tu. Ana nafasi ya 14,400 kila mwezi ambayo hajaigusa.

Nafasi hiyo anaweza kuijaza kwa mpango wa pensheni wa mtu binafsi uliosajiliwa. Akiweka 5,000 kwa mwezi, ushuru wake unashuka kwa 1,500. Kwa maoni yangu hii ndiyo nafuu kubwa zaidi ambayo mtu wa mshahara wa kati huiacha mezani. Lakini usiingie ukidhani utazitoa Januari kulipa karo. Ni pesa za uzeeni, na sheria inazifunga kweli.

SHIF na ada ya nyumba. Tangu 27 Desemba 2024 hizi mbili zinatolewa zote kabla ya ushuru. Bado naona watu wakitafuta kisanduku cha ile nafuu ya zamani ya asilimia 15 ya ada ya nyumba. Ilifutwa siku hiyohiyo, na usiililie. Kwa ada ya 900, ile ya zamani ilikupa 135. Utaratibu wa sasa unampa mwalimu wetu 270.

Riba ya mkopo wa nyumba. Hadi 360,000 kwa mwaka, na ni riba tu, si mkopo wenyewe. Lazima uwe unaishi ndani ya nyumba hiyo, na ni nyumba moja tu. Ukiwa na nyumba Nakuru uliyopangisha huku unaishi Kisumu kikazi, usiidai hapa. Mkopo nao uwe wa taasisi ya kifedha inayotambuliwa na sheria ya ushuru.

Msamaha wa ulemavu. Mwenye cheti halali cha KRA hatozwi ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Safari inaanzia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha maombi yanapelekwa KRA. Kadi ya Baraza peke yake haitoshi, unahitaji cheti cha KRA. Na cheti kina tarehe ya kuisha. Nimeona mtu akianza kukatwa ushuru wote ghafla kwa sababu kiliisha na hakuna aliyemkumbusha. Andika tarehe hiyo ukutani.

### Zinazopunguza ushuru baada ya hesabu

Nafuu ya kila mkazi: 28,800 kwa mwaka. Ni moja kwa mtu, hata ukiwa na kazi tatu.

Nafuu ya bima: asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, ya afya au ya elimu, na haizidi 60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu lazima iwe ya miaka kumi au zaidi. Inaweza kuwa yako, ya mwenzi wako au ya mtoto. Bima ya gari au pikipiki haimo.

Mwalimu wetu analipia bima ya maisha 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka. Nafuu yake ni 7,200.

Linganisha sasa. Ukiweka 5,000 kwenye bima, ushuru unapungua kwa 750. Ukiweka 5,000 hizohizo kwenye pensheni, unapungua kwa 1,500. Wakala wa bima akikuambia ununue "kwa sababu ya ushuru", kumbuka namba hizo mbili. Bima inunuliwe kwa sababu unahitaji bima.

### Zisizopunguza chochote

Mkopo wa masomo wa HELB, mkopo wa sacco wa kulipia karo au kununua pikipiki, akiba ya sacco, mchango wa chama, na kodi ya nyumba unayopanga. Zote zinaweza kuonekana kwenye payslipu kama makato, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kukatwa kwenye mshahara hakuifanyi kuwa nafuu ya ushuru.

### Mwajiri naye ana wajibu

Tangu 1 Julai 2025 mwajiri anatakiwa na sheria kukupa nafuu na makato yote unayostahili anapopiga hesabu ya PAYE. Lakini hawezi kukupa asichokijua. Mpelekee ofisi ya mishahara nakala ya cheti cha bima na cha riba. Kwa mwaka 2025, kagua hasa miezi ya Januari hadi Juni, kwani huenda nafuu haikuingizwa miezi hiyo. Kilichokosekana unakidai kwenye ritani.

## Hatua ya 5: Jaza fomu

Ndani ya iTax, nenda kwenye menyu ya "Returns", kisha "File Return". Chagua ushuru wa mapato wa mkazi, upakue fomu ya Excel. Ipo pia fomu fupi ya mtandaoni ya wenye mshahara tu, na inamtosha asiye na bima wala mkopo wa nyumba. Kwa anayedai nafuu napendelea ile ndefu, kwa sababu unaweza kuihifadhi, ukanywa chai, ukarudi.

Faili hushuka likiwa limebanwa. Lifungue, kisha ukubali makro (programu ndogo zilizo ndani ya faili) Excel ikiuliza. Usipokubali, vitufe vitabaki kimya na utadhani kompyuta imeharibika.

Ukurasa wa kwanza. Weka PIN, na tarehe 01/01/2025 hadi 31/12/2025. Siku inatangulia mwezi. Kisha yanakuja maswali: una mapato mengine? Una bima? Una mkopo wa nyumba? Una cheti cha msamaha? Ukijibu "No" penye "Yes", ukurasa wa nafuu hiyo hautafunguka na huwezi kuidai. Hapa ndipo mtu mwenye haraka hupoteza pesa bila hata kujua. Jaza pia akaunti ya benki, iliyo kwa jina lako.

Ukurasa wa mapato ya ajira. PIN ya mwajiri iko juu ya P9. Andika mshahara wote wa mwaka, ule kabla ya kutoa chochote. Usiandike pesa zilizoingia benki. Sehemu nyingine huenda ukazikuta zimejazwa tayari kutokana na ripoti za mwajiri. Zilinganishe na P9 tarakimu kwa tarakimu, usiamini tu kwa sababu zimetoka kwa serikali.

Ukurasa wa PAYE. PIN ya mwajiri tena, na ushuru uliokatwa. Ni ile namba ya mwisho ya P9, baada ya nafuu. Kwa mwalimu wetu ni 102,892.20.

Ukurasa wa bima. PIN ya kampuni ya bima, nambari ya bima, tarehe, jumla iliyolipwa. Nafuu inajikokotoa yenyewe. Na hapa pana mtego: hata kama mwajiri alishakupa nafuu hii kwenye payslipu, ni lazima uijaze. PAYE yako iko chini kwa sababu ya nafuu hiyo. Usipoitaja, iTax itaona 7,200 zimepungua bila sababu na kukuandikia deni.

Ukurasa wa hesabu. Weka jumla ya mwaka ya pensheni, ya SHIF na ya ada ya nyumba. Kisha nafuu ya kila mkazi: andika 28,800. Nimeona 2,400 mara nyingi mno, na mara nyingine kisanduku kikiwa kitupu kabisa. Anayeandika 2,400 anajitengenezea deni la 26,400 kwa kidole kimoja.

### Ukiwa na P9 mbili

Jaza mistari miwili, kwenye mapato na kwenye PAYE. Nafuu inabaki 28,800.

Kama uliacha kazi moja Eldoret mwezi wa sita ukaanza nyingine Kisumu mwezi wa saba, shida ni ndogo. Kama ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, mfano muuguzi wa hospitali mbili, tarajia deni, na safari hii ni la kweli. Kila mwajiri alikupa 2,400, na kila mmoja alikutoza asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza kana kwamba yuko peke yake. Kwa mwaka unaofuata, mwambie mwajiri wa pili asikupe nafuu ya 2,400, na anza kuweka kando pesa za tofauti hiyo.

### Ukiwa na mapato mengine

Kodi ya nyumba za kupangisha za kuishi, zikikuletea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 ya jumla na kulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Hapo hutoi gharama yoyote. Wenye ploti mtaani, hiyo ni ritani tofauti na hii. Biashara ya pembeni inajazwa kwenye fomu ndefu, na gharama zake zinahitaji ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mwongozo wake ni mrefu kuliko nafasi niliyo nayo hapa.

## Hatua ya 6: Soma mstari wa mwisho kabla ya kutuma

Chini ya ukurasa wa hesabu kuna namba moja. Isome kwa utulivu:

- Sifuri au senti chache: uko sawa.
- Namba yenye alama ya kutoa: ulikatwa zaidi, unadai KRA. Mwalimu wetu ambaye mwajiri hakumpa nafuu ya bima ataona kutoa 7,200 na senti zake.
- Namba bila alama ya kutoa: unadaiwa. Usitume bado.

Ukiona deni, ligawe kwa 0.3, kwa walio kwenye ngazi ya asilimia 30. Jibu likilingana na pensheni yako ya mwaka, kisanduku cha pensheni kiko wazi. Likilingana na SHIF au ada ya nyumba, ni hizo. Deni likiwa 28,800 au 26,400 kamili, ni nafuu ya mkazi. Likilingana na nafuu ya bima, ulijibu "No" kwenye swali la bima. Mbinu hii ndogo imenisaidia kumaliza kesi nyingi nikiwa nimesimama tu nyuma ya kiti cha mtu.

Kisha bonyeza kitufe cha kuhakiki. Fomu ikikataa itakuonyesha kisanduku chenye kosa. Ikikubali, inatengeneza faili jipya lililobanwa. Hilo ndilo la kupakia iTax. Usilibadilishe jina.

Utajua umefaulu ukipata stakabadhi ya kupokelewa yenye nambari yake. Nakala huja kwenye barua pepe. Ukurasa ukikwama kabla ya stakabadhi, ritani haijaenda, hata kama umebonyeza mara tano.

## Hatua ya 7: Lipa, au dai chako

Ukidaiwa kweli, tengeneza hati ya malipo ndani ya iTax. Itakupa nambari ya malipo ya kupeleka benki au kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222, nambari hiyo ikiwa ndiyo akaunti. Mwisho wa kulipa si baada ya kujaza, ni tarehe ileile ya 30 Juni. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Ukidai, ritani peke yake haileti pesa. Ingia kwenye menyu ya marejesho, uwasilishe ombi, uambatishe P9 na cheti cha bima au cha riba. Kama una deni la miaka ya nyuma, KRA inaweza kulilipa kwanza kwa pesa hizo. Una miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa kuomba marejesho ya ushuru wa mapato, kwa hiyo aliyeacha nafuu ya bima miaka iliyopita bado anaweza kurudi nyuma.

Afisa anaweza kukuandikia akitaka hati zaidi. Jibu kupitia iTax au barua pepe rasmi. Ukipigiwa na mtu anayetaka "ada kidogo ya kuharakisha" kwa nambari ya kibinafsi, kata simu.

## Kama ulishakosea

Usijaze ritani mpya juu ya ile ya zamani, wala usikimbilie kulipa deni ambalo si lako. Kwenye menyu ileile ya "Returns" kuna njia ya kurekebisha ritani iliyotumwa. Unapakua fomu upya, unachagua kwamba ni marekebisho, unajaza kurasa zote tena kwa usahihi, si kile kisanduku kimoja tu. Marekebisho yanaruhusiwa ndani ya miaka mitano.

Ukiwa na miaka kadhaa ambayo hukujaza kabisa, anza na ule wa zamani zaidi upande nao kuja sasa, na kwa kila mwaka tumia ngazi na nafuu za mwaka huo. Yule aliyenipigia kuhusu elfu kumi na mbili alirekebisha ritani yake Jumamosi asubuhi, kisanduku cha pensheni kikiwa na 41,760 ndani. Deni lilisomeka kutoa senti ishirini.